Skyhawk yenye nundu: tuitoe nundu au tuiache?

FundiBodi aliandika:

Wakuu habari zenu. Nina jambo linaninyima usingizi, na kamati inakaa Jumamosi ya wiki ijayo, kwa hiyo nawaomba mnisaidie kufikiri.

Kazi yangu ni ufundi bodi wa magari, mwaka wa kumi na tisa huu. Mwisho wa wiki najitolea kwenye jumba la makumbusho ya anga, na huko nimekabidhiwa ndege moja: Douglas A-4 Skyhawk, ndege ya mashambulizi iliyokuwa ikiruka kutoka kwenye manowari za kubebea ndege. Ilikaa nje miaka mingi. Kwenye matundu ya kuingizia hewa tulikuta viota juu ya viota, na tumboni maji yalikuwa yametuama kwa sababu vitundu vya kutolea maji vilizibwa na majani na matope. Mwaka jana tukaiingiza ndani ya hanga.

Kwa asiyeijua, ni ndege ndogo sana kwa kazi iliyofanya. Mabawa toka ncha hadi ncha ni mita 8.38, ndiyo maana hayakuwekewa bawaba za kukunjia, tofauti na ndege nyingi za melini. Aliyeichora, Ed Heinemann, aliruhusiwa na Jeshi la Majini la Marekani uzito wa hadi kilo 13,600 hivi, yeye akaja na ndege ya karibu nusu ya hapo. Miguu yake mirefu na myembamba kama ya korongo, ili mabomu yapate nafasi chini ya tumbo. Iliruka mara ya kwanza Juni 1954 na ya mwisho ikatoka kiwandani 1979, jumla karibu 2,960. Nimeipenda kwa dhati, siwafichi.

Niwaambie nilivyotaka kuiharibu. Nilipofika kwenye usukani wa mkiani, ule ubao unaosimama wima, nikaona mbavu ziko nje. Bati moja katikati, mbavu huku na huku, wazi kabisa. Mimi kama fundi bodi nikaona hapa mabati ya juu yameng'olewa. Nikapima, nikakata mabati mawili mapya, nikayakunja vizuri yakakaa. Nilikuwa nimeshika drili mkononi mzee mmoja anayejitolea nasi aliponiuliza nafanya nini. Kumbe ndivyo ulivyo! Usukani wa mwanzo ulikuwa unatetemeka hewani, wahandisi wakaweka bati moja katikati na mbavu nje kama dawa ya muda, na hiyo dawa ya muda ikabaki mpaka ndege ya mwisho. Yale mabati mawili nimeyatundika ukutani karakana, ili kila nikishika drili niyaone.

Sasa swali lenyewe. Ndege yetu ilizaliwa A4D-2N, na mwaka 1962 majina yalipobadilishwa ikawa A-4C. Zilitengenezwa 638 za aina hiyo. Baadaye 100 kati yake ziligeuzwa kuwa A-4L kwa ajili ya vikosi vya akiba, zikabandikwa nundu mgongoni ya kuwekea vifaa vya elektroniki. Yetu ni mojawapo. Kadi yake ya historia inaonyesha ilikuwa melini wakati wa vita vya Vietnam, ndipo ikageuzwa, ikamalizia maisha kwenye akiba.

Mwenyekiti wetu anataka tuitoe nundu, tuzibe mgongo kwa faibaglasi, tuipake rangi ya 1964 pamoja na namba ya ndege nyingine iliyopata umaarufu. Anasema watu wanakuja kuona vita, hawaji kuona ndege ya akiba. Simlaumu, yeye ndiye anayehangaika kutafuta pesa za kutuwekea paa.

Lakini wiki iliyopita nilichukua msasa wa maji namba 600, kisha 1000, nikasugua duara la ukubwa wa sahani chini ya ukingo wa chumba cha rubani, upande wa kushoto. Tabaka zikajitokeza kama pete za shina la mti: kijivu cha kung'aa, praima, kijivu kingine kilichofifia kisichong'aa, na juu ya hicho kijivu cha chini pakatokea wino mweusi. Herufi L. Herufi T. Halafu mkia wa J. Pale ndipo jina la rubani huandikwa. Nikaweka msasa chini, mikono inatetemeka.

Nundu itoke au ibaki? Na haya maandishi niyafanyeje?

Mzee wa Hanga alijibu:

Mwanangu, umefanya vyema kuweka msasa chini. Usiushike tena mpaka umepiga picha za kila upande, na rula iwe ndani ya picha, na kadi ya rangi pia. Ukishasugua hakuna kurudi.

Kabla ya nundu, jambo moja ambalo kamati nyingi husahau. Ndege nyingi za Jeshi la Majini la Marekani zilizo kwenye majumba ya makumbusho bado ni mali ya jeshi hilo, zimeazimwa tu. Tafuteni mkataba wenu mwusome. Kama imeazimwa, huwezi kukata, kuziba wala kubadilisha umbo bila ruhusa ya maandishi. Huenda mjadala wenu ukaishia hapo hapo.

Tuseme ruhusa ipo. Mimi nasema nundu ibaki. Ukiitoa hupati A-4C ya 1964. Unapata A-4L iliyokatwa. Walipoigeuza hawakubandika nundu peke yake: nyaya zilipitishwa upya, visanduku ndani ya chumba cha rubani vikabadilishwa, mgongo ukatobolewa. Utaziba matundu yale kwa faibaglasi, na kila anayeijua ndege hii atasimama pale aone kidonda. Ndege uliyonayo ilifika hapo kwa njia yake yenyewe, nayo njia hiyo imeandikwa kwenye bati.

Na namba ya ndege nyingine msiipake. Kwa hili sina nafasi ya mjadala. Namba iliyo kwenye mkia ndiyo jina lake. Kuna mtu atakuja siku moja na mjukuu wake akitafuta ndege aliyoihudumia, atasoma namba, na mtakuwa mmemdanganya uso kwa uso.

Nenda ukafanye hivi: fungua vifuniko vya nundu, chukua tochi na kioo kidogo cha mkononi, uangalie bati la mgongo lililofunikwa humo. Jua na mvua havikufika pale. Mara nyingi mahali palipofunikwa ndipo pana rangi ya zamani ambayo kwingine ilishakwanguliwa.

Sasa nikuonye kama fundi kwa fundi. Najua mkono wako utatamani puti. Usiweke. Puti inashika unyevu, na chini yake ugonjwa unaendelea bila wewe kuona. Alumini hailiwi kama chuma. Chuma kinakuwa chekundu na kumwagika, kinakuambia mapema. Alumini inatoa unga mweupe, na zile aloi ngumu zenye zinki, kama 7075, zinachambuka ndani kwa ndani tabaka kwa tabaka, kama kitabu kilicholowa maji kikavimba. Ndege ya melini imeoga chumvi maisha yake yote. Zima taa za hanga, laza tochi sambamba na bati la bawa, uangalie kuzunguka vichwa vya bolti za chuma. Ukiona bati limeinuka kidogo kama lengelenge, hapo ndani pamechambuka. Pale chuma na alumini vinapogusana na maji ya chumvi yakapita katikati, alumini ndiyo inayoliwa.

Kutu hiyo iondoe kwa pedi ya nailoni au msasa wa oksidi ya alumini mpaka uone alumini safi inayong'aa. Ile sufu ya chuma ya kusugulia usiisogeze karibu, wala brashi ya waya. Chembe zake zinabaki zimejichimbia ndani ya alumini, na kila moja ni mbegu ya kutu mpya. Nimeona bawa zima lililosuguliwa na watu wenye nia njema, baada ya misimu miwili likawa limejaa madoa kama tetekuwanga. Ukimaliza suuza, kausha, paka dawa ya kukinga alumini, kisha praima ya epoksi siku hiyo hiyo.

Jingine dogo. Vile vibao vya mbele ya mabawa vinavyoning'inia ndege ikiwa imesimama havijaharibika. Havina mota. Hewa ndiyo inayovifunga ndege ikishika kasi, na ndege ikipunguza mwendo vinashuka vyenyewe. Kuna watu wanavibana kwa skrubu ili ndege ionekane nadhifu. Viache vining'inie, uvipake grisi kidogo kwenye reli zake.

Nahodha K alijibu:

Mzee namheshimu sana lakini hapa nitatofautiana naye.

Mtu anasimama mbele ya ndege dakika mbili, tatu akizidi. Tarehe 5 Agosti 1964 Everett Alvarez alikuwa ndani ya A-4C iliyotoka kwenye manowari ya USS Constellation. Alitunguliwa, akawa rubani wa kwanza wa Marekani kushikwa mateka Vietnam Kaskazini, akakaa kifungoni zaidi ya miaka minane mpaka Februari 1973. Lile umbo jembamba lisilo na nundu ndilo lililokuwa angani siku hiyo. A-4C kamili hazipatikani kila kona. Kama jumba lenu linaweza kumwonyesha mtoto umbo hilo, kuna thamani kubwa pale, na mimi siuoni kuwa uongo mradi kibao cha maelezo kiseme wazi.

Masharti yangu ni haya tu: nundu ifunguliwe bolti kwa bolti bila kukata popote, kila bolti iwekwe kwenye mfuko wenye namba, nundu nzima ihifadhiwe ndani kwenye stendi yake, mgongo ufunikwe kwa kipande kinachofungwa na kufunguka. Atakayekuja miaka hamsini mbele akitaka nundu yake, aikute. Kinachorudishika siyo uharibifu.

Kuhusu namba, hapo nakubaliana na Mzee asilimia mia. Namba ya mtu mwingine hapana.

FundiBodi aliandika:

Asanteni sana. Nahodha, hoja yako imenigusa, sikuwa nimeifikiria hivyo. Tatizo nimepanda juu leo asubuhi kuangalia: nundu haijafungwa kwa bolti peke yake. Kingo zake zimepigwa ribiti pande zote mbili hadi kwenye shina la mkia. Kuitoa ni kutoboa ribiti mia kadhaa, na kila tundu litapanuka kidogo. Kwa hiyo lile la kurudishika sijui kama litawezekana.

Mkataba umepatikana kwenye kabati la ofisi. Imeazimwa. Barua imetumwa.

Dada wa Geji alijibu:

Kaka FundiBodi, mnazungumzia nundu wakati hakuna aliyekuuliza kuhusu kiti. Mimi kazi yangu ni vyombo vya ndani ya chumba cha rubani, na nimeshazuia watu wawili kwa mikono yangu mwenyewe wasikae kwenye kiti ambacho hakikuwa kimehakikiwa.

Kiti cha kumrusha rubani nje kina baruti. Kifuniko cha kioo nacho kinaweza kuwa na yake. Usiamini kwamba kwa kuwa ndege ni ya makumbusho lazima zilishatolewa. Usivute kitu, usikalie, usimruhusu mtoto apande, mpaka aliyefunzwa viti hivyo akague kila risasi ya baruti mahali pake na aandike karatasi yenye sahihi. Kama karatasi haipo, hesabu kwamba baruti ipo.

Vilevile, ndani ya mfumo wa haidroli kuna mitungi inayojazwa naitrojeni kwa shinikizo kubwa, na shokapu za miguu nazo zina gesi. Zinaweza kubaki na nguvu miaka mingi. Usifungue nati yoyote ya shokapu ukiwa umeinama mbele yake. Na pini za usalama za miguu ziwe ndani muda wote. Magurudumu makubwa ya Skyhawk yanakunjwa kuelekea mbele, na haidroli ikikosekana mguu unashuka kwa uzito wake na kusukumwa na upepo. Ulibuniwa hivyo kumwokoa rubani. Lakini mguu uliokwisha shuka bado unahitaji kufungwa usirudi, na kwenye hanga pini ndiyo inayofanya kazi hiyo. Na kabla hamjatoa kitu chochote kizito upande wa pua, wekeni tegemeo chini ya mkia.

Ile praima ya kijani cha manjano ina kromati. Ni sumu ya mapafu, inaleta saratani. Msasa wa maji tu, kamwe usiikwangue kavu, vaa maski yenye vichujio, nguo za kazi zisiingie nyumbani. Naona unatumia msasa wa maji tayari, nakupongeza, lakini yale maji uliyosugulia usiyamwage nje.

Mwisho, geji. Baadhi ya ndege za enzi hizo zina geji zilizopakwa radiamu ili zing'ae gizani. Watu wanazima taa, wanaona haziwaki, wanasema salama. Siyo salama! Kilichokufa ni kile kinachotoa mwanga, radiamu yenyewe inachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Tafuta kipimo cha mionzi upitishe juu ya paneli. Ikilia, usifungue kioo cha geji hata kama sindano imelala vibaya na inakukera. Vumbi la ndani ndilo hatari.

FundiBodi aliandika, wiki mbili baadaye:

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Dada wa Geji nakushukuru mno. Karatasi ya kiti haikuwepo. Tumefunga ngazi ya chumba cha rubani kwa mnyororo na mtaalamu ataletwa. Kipimo cha mionzi kililia kwenye geji mbili. Tumeziacha zilipo na kuandika.

Sasa nundu. Ijumaa usiku, kabla ya kikao, nilifungua kifuniko cha pembeni, skrubu kumi na nne, mbili zilikataa nikazilowesha mafuta nikasubiri. Nikaingiza tochi na kile kioo cha mkononi kama Mzee alivyosema. Vumbi, nyaya zilizokatwa, kiota cha nyigu. Nikapuliza taratibu. Chini yake bati la mgongo lina kijivu kile kile kisichong'aa nilichokiona chini ya jina, kizima kabisa, hakijafifia, kana kwamba kimepakwa mwezi uliopita. Kinaishia kwenye mstari ulionyooka, pale mafundi waliogeuza ndege walipobandika tepu. Baada ya mstari ni praima tupu, na juu ya praima mtu ameandika kwa kalamu ya nta: mshale, namba 7, halafu mshale mwingine kuelekea mkiani. Fundi mwenzangu alikuwa anajipangia matundu ya ribiti. Ametumia nta kwa sababu risasi ya penseli inakula alumini, alijua kazi yake. Amechora hiyo 7 na kuikata katikati kwa kistari kidogo. Nilikaa juu ya ngazi muda mrefu nikiitazama.

Kikaoni sikusema mengi. Nilimwomba mwenyekiti twende hanga kwanza kabla ya ajenda. Alipanda ngazi na suti yake, akachukua tochi, akachungulia. Nilidhani atashuka baada ya dakika moja. Aliniomba nimshikie koti. Aliposhuka aliniuliza kama wageni nao wataweza kuona pale, nikamwambia kifuniko kinaweza kuwekewa kioo cha plastiki na taa ndogo ndani, bila kutoboa kitu.

Uamuzi: nundu inabaki, namba inabaki yake. Inapakwa kama ilivyokuwa akiba, kijivu juu na nyeupe chini, na ubavu wa kushoto tunaacha dirisha la rangi ya zamani kuzunguka lile jina, lifunikwe kwa Paraloid B-72, vanishi isiyo na rangi ambayo mtu akitaka anaiyeyusha kwa asetoni. Nahodha, picha ya umbo bila nundu itawekwa ukutani kwa kipimo halisi, pamoja na habari ya 1964. Hilo limetokana na hoja yako, na nimewaambia hivyo.

Nimeanza kulifukua jina kwa pamba na msasa laini kabisa, upana wa kidole kwa siku. J imekamilika, na jana jioni ikatokea G. Kwa hiyo ni LTJG, yaani Luteni wa ngazi ya chini, na jina lake linaanzia hapo. Ila tabaka la juu ya herufi inayofuata limeganda kuliko lile la mwanzo, na wino unaanza kuja na pamba. Mzee, nisimamishe? Au kuna dawa ya kulainisha kijivu cha juu bila kugusa mweusi wa chini?